Nilihesabu Viatu Yaganti

Vijana wangu, mkiniona kanisani natazama miguu yenu kabla sijatazama nyuso, msinichukie. Mjukuu wangu Neema amekwisha kuniambia kwamba mnaniita "babu wa viatu", na jina hilo nimelipokea bila kinyongo. Juzi wawili kati yenu mlikuja hapa Bellevue, Johannesburg, kuniuliza kazi ya kuongoza wasafiri ikoje, nami nikawajibu kwa kifupi kwa sababu maji yalikuwa yamekatika na nilikuwa na ndoo mkononi. Sasa nimekaa. Nawaandikia jibu lenyewe, pamoja na habari ya siku nilipomwacha mama wa mtu pangoni, kule India, nikaondoka zangu na basi. Kaka yake Neema hasomi Kiswahili, kila nikimsemesha ananijibu kwa Kizulu "yebo, mkhulu", yaani ndiyo babu, kwa hiyo Neema atamsomea.

Nilianza kama askari wa mlangoni kwenye ofisi ndogo ya safari pale Fordsburg. Mwenye ofisi alikuwa Anko Sivan, dereva wa basi mstaafu kutoka Lenasia, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Kila mwaka aliwapeleka Wahindi wa huku kwetu, wale ambao mababu zao waliletwa Natal kukata miwa, wakaione wilaya walikotoka wazee wao kusini mwa India. Siku hizi wilaya hiyo inaitwa Nandyal, nayo ni nchi ya mahekalu, mapango na mawe. Wateja wake walikuwa watu wazima, magoti yamechoka na masanduku ni mazito. Siku moja aliniona nikimpandisha bibi mmoja ngazi za ofisi huku nikimsimulia habari za Uvira, kwetu Kongo, ili asahau maumivu. Kesho yake akaniuliza kama nina hati ya kusafiria. Nilikuwa nayo, mpya kabisa, haijagongwa muhuri hata mmoja.

Nyumbani mke wangu, Mama Furaha, alishika kiuno.

"Unaenda kuinamia ng'ombe ya jiwe?"

"Hapana, mama. Miye naenda kubeba masanduku na kulinda viatu."

"Na pasta tutamwambia nini?"

"Tutamwambia naenda kulinda viatu."

Pasta alicheka, akaniombea safari njema. Msidhani mambo yote magumu ya maisha yanakuwa magumu.

Kosa langu la kwanza nililifanya siku ya pili tu ya safari ya kwanza. Hekaluni watu huvua viatu mlangoni. Hilo nilikuwa nimeambiwa. Lakini nikaona wazee wetu wameingia mlango wa mbele, na mlango wa kutokea uko upande wa pili, na sakafu ya mawe inawaka jua kama bati. Nikajiona mwerevu. Nikakusanya viatu vyote vya kundi ndani ya gunia, nikalitupa begani, nikakata katikati ya ua wa hekalu ili niwawahi upande wa pili. Jamani! Kelele nilizozisikia siku hiyo! Kuhani alitoka mbio, wanawake wakafunika midomo, na mimi sielewi chochote, nazidi kukaza mwendo nikidhani wananihimiza. Viatu vya ngozi, gunia zima, mbele ya mungu wao. Anko Sivan aliinama kuomba radhi mara nyingi mpaka shati likamchomoka kwenye suruali. Baadaye aliniambia, "Bahati, kuanzia leo wewe kaa mlangoni." Nikakaa, miaka kadhaa, na miaka hiyo yote sikuvuka mlango wa hekalu lolote. Kwangu ilikuwa nafuu, maana hata ahadi yangu kwa Mama Furaha ilitimia.

Anko ndiye aliyenifundisha kuhesabu. "Usihesabu watu," alisema. "Watu wanazunguka, wanaenda msalani, wawili wamevaa sari za rangi moja. Hesabu viatu. Kiatu kinakaa pale ulipokiweka." Nilimwelewa haraka, kwa sababu mama yangu kule Uvira hakuwahi kutuhesabu watoto wake kwa mdomo. Aliona ni mkosi. Alihesabu sahani, na sahani moja ikibaki safi alijua nani hajarudi.

Basi nikanunua turubai la bluu. Tukifika mlangoni nalitandaza, kila mtu anaweka viatu vyake, mimi napanga jozi kwa mistari. Wakitoka kila mtu anachukua vyake. Turubai likibaki tupu, watu wote wametoka. Nalikunja, namwambia dereva "Sharp!", yaani mambo sawa, tunaondoka. Dereva wetu wa kule aliitwa Venkat, naye alilipenda neno hilo mpaka akawa anamwambia kila mtu, hata polisi wa barabarani.

Kama mtaifanya kazi hii, shikeni haya. Mkanda wa suruali wa ngozi uvuliwe mapema, msingoje kuambiwa. Wazee wavae soksi nene kwenye mawe ya mchana, makuhani hawakatazi. Tumbili wa mahekaluni ni wezi wa kweli, na hawachukui jozi, wanachukua kimoja. Tulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa heshima zake, alirudi hotelini na kiatu kimoja na ndala moja ya mke wake. Na kwenye mapango makubwa ya Belum, msitangulie mbele kama mabwana. Kaeni nyuma ya mtu wa mwisho. Mle ndani unashuka ngazi kama unaingia kisimani, halafu njia zinagawanyika chini ya ardhi, sehemu nyingine unapita umeinama, na joto lake ni la jikoni. Wameweka mabomba ya kuleta hewa. Mzee akianza kuhema, mkalisheni karibu na bomba, msimulieni habari yoyote, msimwambie "pole, tunakaribia kutoka" kama hamkaribii. Kuna chumba kimoja mawe yake yananing'inia, na mwongozaji akiyagonga yanalia kila moja kwa sauti yake. Wazee wengi husahau magoti yao hapo.

Sasa habari ya Anti Lutchmi.

Alikuwa na miaka sabini na tisa, mdogo wa umbo, macho makali, sandali za kahawia zenye kamba mbili. Mwanawe Krish, anayefanya kazi ofisi moja kubwa Randburg, alimleta uwanja wa ndege kwenye kiti cha magurudumu ingawa mama yake alitembea vizuri kuliko mimi. Krish alinivuta pembeni.

"Uncle Bahati, nisikilize. Mama asiachwe peke yake hata dakika moja. Ana presha, anasahau dawa. Likitokea jambo lolote, hii ni safari yake ya mwisho. Na yako pia, nitahakikisha."

"Hata dakika moja," nikamwahidi, na nilikuwa namaanisha.

Siku nne za kwanza nilimganda Anti kama ruba. Akinyanyuka, nimesimama. Akifungua mkoba, namuuliza kama anataka dawa. Krish alipiga simu asubuhi, mchana na jioni, na mama yake alimjibu kwa upole uleule, "Ndiyo mwanangu, nimekula. Ndiyo, Bahati yupo hapa." Ndani ya basi alichagua kiti cha nyuma kabisa ili anyooshe miguu. Wengine wakipiga gumzo, yeye alikuwa ananitazama. Nilidhani ananipenda tu, na nilifurahi.

Siku ya tano tulikwenda Yaganti. Ni hekalu chini ya majabali mekundu, lina bwawa la maji safi yanayotoka mdomoni mwa ng'ombe wa jiwe, na juu ya bwawa kuna mapango ambamo watu huomba. Ndani ya hekalu yuko ng'ombe mwingine mkubwa wa jiwe, na wenyeji wanasema anakua, kidogo kidogo, kila kizazi kinamkuta mkubwa zaidi. Wanasema pia kunguru hawafiki kule, mtu mmoja mtakatifu wa zamani aliwalaani kwa kumsumbua. Mimi sijui ya laana, lakini kweli kunguru sikumwona. Sisi tunaoamshwa kila siku na makelele ya ndege hadida hapa Bellevue tunajua thamani ya kimya cha namna hiyo.

Nilitandaza turubai, nikapanga. Tumbili alinisumbua sana siku hiyo, akashika kiatu cha raba, tukavutana kama watoto. Baada ya saa moja na nusu wazee wakaanza kutoka, nywele zimelowa maji ya bwawa, wameshiba wali wa hekaluni. Kila mmoja akachukua vyake. Turubai likabaki tupu. Nikalikunja.

"Sharp!" Venkat akaitikia, tukaondoka kwenda Belum.

Watu walilala. Tulipita malori ya mawe na mashamba makavu, mimi nimekaa mbele nimetulia roho. Tulikuwa tumekwenda kama saa nzima, tumesimama kunywa chai, niliposikia simu inalia nyuma. Ikalia, ikakata, ikalia tena. Nikaenda mpaka kiti cha mwisho. Mkoba wa Anti Lutchmi ulikuwepo. Simu iliandika "Krish". Anti hakuwepo.

Niliangalia chini ya kiti. Sandali zake za kahawia zilikuwa pale, zimefungwa vizuri ndani ya gazeti. Alikuwa ameshuka peku, na sari yake ndefu ilifunika miguu. Siku hiyo hakuweka kitu kwenye turubai langu, na turubai halikuwa na namna ya kuniambia kuwa amebaki.

Eish. Akilini nilimwona Krish, nilimwona bibi mzee ameanguka kwenye ngazi zenye maji, presha, hana dawa, hana simu, hajui lugha ya kule zaidi ya maneno ya jikoni aliyoachiwa na bibi yake. Nikamwambia Venkat awapeleke wengine Belum, wakabidhiwe kwa waongozaji wa pango, wasishuke mpaka wanywe maji. Mimi nikachukua bajaji na mkoba wa Anti, nikamwambia dereva kwa ishara za mikono aendeshe kama gari lake linawaka moto. Alinielewa. Njia nzima simu ililia mara mbili, na mara zote mbili niliitazama tu. Ningemwambia nini?

Mlangoni Yaganti hapakuwa na mtu wa kunisaidia kumtafuta. Nilisimama pale nilipozoea kusimama, nikavua viatu vyangu mwenyewe, nikaviacha chini bila turubai wala mlinzi, nikaingia. Sakafu iliniunguza nyayo, na nikajionea aibu kwa miaka yote niliyokuwa nawaambia wazee "harakisheni" bila kujua wanakanyaga nini. Bwawani hayupo. Kwa ng'ombe wa jiwe hayupo. Muuza nazi mmoja alinionyesha kwa kidole ngazi za pango la juu.

Nilizipanda nikihema. Ndani kulikuwa na giza la ubaridi, taa ndogo ya mafuta mbele ya mungu wao, watu watatu wanaomba. Na kwenye ukuta, miguu imekunjwa chini, sari imelowa mpaka magotini, Anti Lutchmi amekaa kimya.

Akanitazama. "Bahati. Umekuja mapema."

"Mapema? Anti, tumekuacha! Basi limefika mbali!"

"Najua. Punguza sauti, watu wanaomba."

Nilikaa chini karibu naye. Nikampa maji, nikampa dawa, akameza bila ubishi. Halafu akasema polepole, mkono wake juu ya wangu:

"Bibi yangu aliondoka nchi hii akiwa msichana. Peke yake. Alikwenda mpaka Natal, hajui meli, hajui miwa. Usiku akituosha miguu alitusimulia pango hili na maji haya. Mimi tangu baba yake Krish afariki sijaenda peke yangu hata spaza, kile kiduka cha mtaani. Nikichelewa chooni wananigongea. Wananipenda, Bahati, najua. Lakini nilikuwa na maneno ya kumwambia bibi yangu, na siwezi kuyasema huku mtu ananiuliza kama nimekunywa dawa."

Nikainamisha kichwa. Mtu huyo alikuwa mimi.

Simu ikatetemeka mkobani. Akauliza, "Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Nimefika katikati ya maneno yangu. Nipe dakika kumi."

Watu ishirini na mmoja walikuwa wananisubiri Belum. Kazi yangu ilikuwa kwenye simu ile. Nilimwangalia yule mama, nikaondoka, nikakaa nje kwenye ngazi, mgongo nimempa. Simu nikaiacha itetemeke.

Hapo ndipo nilipolia, na sioni haya kuwaandikia. Nilimkumbuka mama yangu na sahani zake. Alizikwa Uvira wakati mimi nipo Johannesburg sina hata karatasi ya kunivusha mpaka, na mpaka leo kuna maneno sijamwambia. Dakika kumi zikawa nusu saa. Sikugeuka hata mara moja.

Tuliposhuka, viatu vyangu vilikuwepo. Muuza maua wa mlangoni alikuwa amevisogeza kivulini ili visipate moto. Ndani ya bajaji Anti alimpigia mwanawe. "Niko salama. Simu ilikuwa mkobani." Halafu akalala begani kwangu mpaka Belum. Nilipomwambia baadaye kwamba nitamweleza Krish ukweli, alisema tu, "Kama unataka."

Nilitaka, vijana. Nilikuwa nimeahidi. Uwanja wa ndege wa Johannesburg, Krish amekuja na maua, nikamvuta pembeni kama alivyonivuta yeye.

"Nilimwacha mama yako Yaganti. Zaidi ya saa mbili. Nilihesabu viatu, sikumhesabu yeye. Kosa ni langu."

Uso wake ulibadilika. "Nilikuambia nini? Nilikuambia nini, Uncle?"

"Hata dakika moja."

"Basi. Imekwisha. Mama, umesikia? Imekwisha!"

Anti Lutchmi alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti cha magurudumu. Akasimama.

"Krish, hakuniacha. Mimi ndiye niliyemwacha. Siku nne namtazama anavyohesabu. Siku ya tano nikazifunga sandali ndani ya gazeti, nikaishusha sari, nikapita nyuma yake akigombana na tumbili. Usimfokee. Anaijua kazi yake. Ilinichukua siku nne kupata pa kupenya."

Nilijiona mjinga, na wakati huohuo nilitaka kucheka kwa nguvu. Siku nne nilidhani bibi yule ananitazama kwa mapenzi!

Krish alitimiza neno lake kwa upande mmoja: mama yake hakusafiri tena. Mimi Anko Sivan aliniweka ofisini msimu mmoja, halafu akanirudisha. Turubai niliendelea kulitandaza, maana viatu lazima vilindwe, lakini sikulitumia tena kuhesabu watu. Nilisimama kwenye mlango wa basi, nikamshika kila mtu mkono, nikamtaja jina. Nyinyi leo mna WhatsApp, mnatumiana mahali mlipo kwa ramani. Vizuri. Lakini simu nayo inaweza kubaki chini ya kiti. Mshikeni mtu mkono. Na mtu mzima akiwaomba dakika kumi, mpeni, kaeni karibu, mgeuzieni mgongo.

Anti alikuwa ananipigia simu mara kwa mara. Mara ya mwisho alikuwa anacheka. "Krish siku hizi ananiacha bustanini saa nzima. Anachungulia dirishani, lakini mimi najifanya simwoni." Krish mwenyewe hakuwahi kunisemesha tangu siku ile ya uwanja wa ndege.

Mwaka jana nikapata habari kwamba Anti amefariki. Nikapanda teksi mpaka Lenasia. Mlangoni kwao viatu vilikuwa vimerundikana, watu wameingia wakiwa na majonzi, hakuna aliyejali jozi yake. Ndani wanaimba. Sikujua kama nakaribishwa, na mikono haikukubali kukaa bure, kwa hiyo nikainama nikaanza kuvipanga, kimoja na mwenzake, mistari miwili mirefu.

Krish akatoka. Mvi zimemwingia. Alinikuta nimechuchumaa pale na kiatu cha mtoto mkononi.

"Uncle Bahati. Unafanya nini?"

"Nalinda viatu."

Macho yake yalijaa machozi. Akaninyanyua kwa mkono.

"Acha viatu," alisema. "Ingia ndani."

Nikavua vyangu, nikaviacha pale pamoja na vya wengine, nikaingia.